Kioo cha Dirisha na Jua la Pwani



Miongoni mwa mambo yaliyobadilika katika ujenzi wa nyumba zetu, tangu Dar es Salaam hata Mombasa, ni machache yaliyobadilika upesi kama dirisha; kwani lile dirisha la mbao lenye vibanzi vilivyolazwa mshazari, na lile la luva lililolifuata, yote mawili yanang'olewa kila siku na mahali pake panatiwa fremu za aluminiamu na vioo vipana, kwa matumaini kwamba nyumba itapendeza machoni, na kwamba kiyoyozi, ambacho aghalabu ndicho kinachokula umeme kuliko kitu kingine chochote nyumbani, kitapata kupumzika. La kupendeza machoni sitalijadili usiku huu. Nataka kuzungumza nanyi juu ya hilo la pili, kwa sababu wapo watu wengi, waliochuma fedha zao kwa taabu, wanaolipia vioo vya thamani kubwa visivyowafaa kitu, na si kwa kuwa vioo hivyo ni vibovu, bali kwa kuwa vilibuniwa kumkinga mwanadamu na adui ambaye huku kwetu hayupo.

Joto hupenya kioo kwa njia mbili, na njia hizo, ijapokuwa zote huishia katika kumtoa jasho mwenye nyumba, hazina asili moja wala dawa moja. Ya kwanza ni ile ambayo joto huhama kutoka upande ulio moto kwenda upande ulio baridi, usiku na mchana, jua liwepo lisiwepo, na wingi wake hufuata tofauti iliyopo baina ya ndani na nje. Mafundi huipima kwa kadiri waiitayo U, ambayo ni hesabu ya wati zipitazo katika mita moja ya mraba ya kioo kwa kila uzi mmoja wa tofauti hiyo, na kadiri U inavyopungua ndivyo kioo kinavyozuia zaidi. Ya pili ni ile ya mwali wa jua, ambao haujali ndani kuna nyuzi ngapi wala nje kuna ngapi, bali hupita katika kioo, ukaangukia sakafu na viti na matandiko, ukageuka joto humo humo chumbani. Kadiri yake huandikwa kwa herufi g huko Ulaya, na Marekani huandikwa SHGC. Huanzia 0 mpaka 1, nayo hutwambia ni fungu gani la nguvu ya jua iliyofika kiooni ndilo linaloingia ndani. Kioo cheupe cha kawaida, cha milimita 6, kina U ya takriban 5.7, na g yake ni takriban 0.82. Naomba mzishike hesabu hizo mbili, maana mazungumzo yetu yote yatazizunguka.

Elimu ya vioo hivi ilizaliwa katika nchi za baridi, na ni haki tuitazame kwanza kule kwao. Mwaka 1865 Mmarekani mmoja, Thomas Stetson, alipewa hataza ya kuunganisha vioo viwili vyenye hewa iliyofungiwa katikati, na shauri lenyewe lilikuwa jepesi, kwamba hewa iliyotulia mahali pembamba ni mpitishaji mbaya wa joto, kwa hiyo na ifanywe ukuta. Chukueni mfano wa Minnesota, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kenya wamehamia na kununua nyumba, na ambako usiku wa Januari si ajabu nje kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri ilhali ndani mtu anataka nyuzi 20 juu yake: tofauti ni nyuzi 40, na kila mita ya mraba ya kioo kimoja inavujisha nje kiasi cha wati 228, bila kukoma, mpaka alfajiri. Upande wa ndani wa kioo hicho huwa baridi kuliko barafu, hata mvuke wa pumzi na wa jikoni ukaganda juu yake. Mtieni mtu huyo vioo viwili, U yake ikawa 2.8, na hasara yake imeshuka hata wati 112. Mtieni vile vya kisasa, vilivyopakwa na kujazwa gesi, U yake ikawa 1.4, na imeshuka hata wati 56, na anaweza kukivuta kiti chake karibu na dirisha akasoma kitabu pasipo kujitanda blanketi. Kwa mtu huyo kioo maradufu ni riziki, na hata kile cha tabaka tatu, chenye U ya 0.7 au pungufu, si anasa.

Hiyo gesi na hicho kipako vinastahili maneno machache, madhali ndivyo vinavyouzwa kwa sauti kubwa. Gesi ni agoni, ambayo imo katika hewa tunayovuta, karibu sehemu moja katika mia, nayo hupitisha joto kiasi cha theluthi mbili tu ya lile lipitishwalo na hewa. Haina harufu wala sumu, na ikivuja, hakuna dalili ionekanayo ila kioo kupungua nguvu kidogo kidogo. Kipako, mara nyingi, ni fedha halisi, madini ya fedha, iliyotandazwa juu ya kioo kwa wembamba unaoshinda unywele mara maelfu, kiasi kwamba jicho hupita ndani yake bila kuiona. Tabia ya fedha ni kuurudisha mnururisho wa joto badala ya kuumeza na kuutoa upande wa pili. Kila mwenye chupa ya chai nyumbani ameshaiona hikima hii, kwani chupa ile, aliyoibuni James Dewar mwaka 1892, ni vioo viwili vilivyotiwa fedha, na katikati yake hewa imefyonzwa. Chai iliyomo haipati njia ya kutoka, na vivyo hivyo ukitia maji ya barafu, joto la nje halipati njia ya kuingia. Utafiti wa kukipeleka kipako hicho madirishani ulishika kasi Marekani baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, hasa katika maabara ya taifa iliyoko Berkeley, California, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vioo hivyo vikaanza kuuzwa madukani. Leo maandishi yake ya biashara ni Low-E, na ndiyo mtakayoyaona katika karatasi za wauzaji.

Sasa na turudi kwetu, tupige hesabu ile ile. Ni alasiri ya mwezi wa Februari mjini Dar es Salaam, kaskazi imelegea, nje ni nyuzi 32, na ndani kiyoyozi kimewekwa nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 7 tu. Kioo kimoja cheupe kinapitisha kwa njia ile ya kwanza kiasi cha wati 40 kwa mita ya mraba. Ukitia vioo viwili vyeupe zitakuwa wati 20. Umeokoa wati 20. Lakini dirisha hilo linatazama magharibi, na jua la saa kumi limelikabili uso kwa uso, tuseme kwa nguvu ya wati 600 kwa kila mita ya mraba, ambayo si nyingi kwa jua letu. Kioo kimoja cheupe kinaziachia wati 490 ziingie, na vile viwili vyeupe, ambavyo umevilipia maradufu na zaidi, vinaziachia zaidi ya 400. Hapo ndipo fedha ya mtu inapopotea. Amezuia kijito kwa bidii, na mto ukapita kando yake. Kwani huku kwetu joto linaloingia kwa tofauti ya ndani na nje ni dogo mno likilinganishwa na joto la mwali, na mtu anayenunua kioo kwa kuuliza kina tabaka ngapi ameuliza swali la Minnesota.

Swali letu sisi ni g, na ndani ya swali hilo umo mtego ambao ningependa kila msikilizaji aujue, kwa sababu unawanasa hata mafundi. Vioo vilivyopakwa vya jina hilo moja la Low-E ni vya namna mbili zinazopingana. Ipo namna iliyokusudiwa nchi za baridi, ambayo kwa kawaida kipako chake ni kigumu, hutiwa kiwandani wakati kioo kingali cha moto, na kazi yake ni kuliacha jua liingie kwa wingi na kisha kulizuia joto lisitoke. Vioo viwili vya namna hiyo huweza kuwa na g ya 0.70. Na ipo namna nyingine, yenye matabaka mawili au matatu ya fedha, iliyopangwa kwa hesabu ili iipitishe nuru ionekanayo na kuirudisha ile sehemu ya jua isiyoonekana, ambayo ni karibu nusu ya nguvu yake yote. Kioo hicho hushusha g hata karibu 0.30, na bado huingiza zaidi ya sehemu sita katika kumi za nuru, chumba kikabaki cheupe. Mtie mtu wa Tanga kile cha kwanza, katika dirisha la magharibi, na utakuwa umemjengea tanuri: jua linaingia kwa raha zake, na joto lake linakatazwa kutoka. Karatasi za vyote viwili zimeandikwa neno lile lile. Kwa hiyo, jina si hoja. Hoja ni tarakimu.

Watu wengi, kwa kutojua hayo, hukimbilia kioo cha rangi, kile ambacho mitaani huitwa tinti. Kioo cha rangi hakilifukuzi jua. Hulimeza, kikapata moto chenyewe, na sehemu ya moto huo kikaitoa nje na sehemu nyingine kikaitoa ndani, ndiyo maana mtu akiketi kando yake alasiri huhisi joto likimkabili usoni. g yake, kwa kioo cha milimita 6 cha rangi ya kijivu au ya shaba, ni takriban 0.60, na kwa faida hiyo ndogo kimekwisha kula karibu nusu ya nuru, mpaka mwenye nyumba akawasha taa mchana. Kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia kinafanya vyema zaidi katika kulirudisha jua, lakini hulirudishia jirani, na usiku, taa zikiwashwa ndani, mambo hugeuka, wa nje wakaona ndani na wa ndani wasione nje. Mimi sikipendelei katika nyumba ya kukaa watu.

Fauka ya hayo, si madirisha yote ya nyumba moja yanayohitaji kioo cha aina moja, na hili ndilo jambo ninalolionea uchungu, kwa kuwa fundi hupima nyumba nzima kwa siku moja na kuandika bei moja kwa vioo vyote. Sisi tulio karibu na Ikweta tumejaliwa njia ya jua iliyo nyepesi kuifahamu. Katika Dar es Salaam, adhuhuri ya mwezi wa Juni, jua huwa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 73. Na mara mbili kwa mwaka hupita utosini. Maana yake ni kwamba madirisha yatazamayo kaskazini na kusini huchomwa na jua lililo juu sana, na upenu wa sentimita 75 tu, saa sita mchana, unatosha kukitia kivulini kioo zaidi ya mita moja kwenda chini hata mwezi huo wa Juni. Madirisha hayo yape kioo cheupe cha kawaida, na fedha uliyoiokoa uipeleke kunakohusika. Mashariki na magharibi ndiko kuliko na mashaka, kwani huko jua huja chini chini, likapita chini ya upenu wowote, na magharibi imezidi mashariki kwa ubaya, maana jua lake hufika wakati kuta na mapaa yamekwisha kushiba joto la mchana kutwa. Ikiwa una fedha ya kununulia kioo kizuri madirisha mawili tu, yawe ya magharibi.

Na hata huko magharibi, kabla ya kioo, kuna kivuli. Mwali uliozuiwa nje ya kioo hauna haja ya kufukuzwa tena. Uliokwisha kuingia, hata pazia liwe zito vipi, umekwisha kuwa joto la chumba. Wazee wetu waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walilijua hili kwa vitendo, wakajenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na madirishani wakaweka mbao za mshazari zinazoukaribisha upepo na kulikatalia jua. Wasanifu waliokuja baadaye walilithibitisha kwa hesabu: Maxwell Fry na Jane Drew, Waingereza waliojenga sana Afrika ya Magharibi, walitoa kitabu chao juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu mwaka 1956, na majengo mengi ya Dar es Salaam ya miaka hiyo na ile iliyofuata yana vizuizi vya saruji mbele ya madirisha, ambavyo leo watu huvidhani ni mapambo. Kisha tukaanza kujenga majumba yaliyovishwa vioo toka msingi hata paa, uso wake mpana ukiwa magharibi, na viyoyozi vikaning'inizwa nyuma kwa makumi. Hilo ni kosa la wazi, nami sioni kwa nini tulifanye kosa hilo hilo katika nyumba zetu wenyewe.

Kuna la upepo pia. Dirisha la luva, kwa dosari zake zote za kuvuja vumbi na kumrahisishia mwizi kazi, hufunguka karibu lote. Dirisha la kuslaidi haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa sababu nusu moja daima imejificha nyuma ya mwenzake. Mtu anayeling'oa la kwanza akaweka la pili amejinyima nusu ya upepo wa bahari, na aghalabu ndipo anapokwenda kununua kiyoyozi ambacho hapo kwanza hakukihitaji. Nyumba isiyo na kiyoyozi, inayoishi kwa madirisha wazi, haina la kufanya na agoni wala na vioo viwili, maadamu hewa ya nje na ya ndani ni moja. Iachieni kivuli, na dirisha la bawaba lifungukalo lote, na wavu wa mbu unaosafishwa vumbi mara kwa mara.

Wale walioko nyanda za juu, Njombe, Iringa, Limuru, nisiwasahau. Kwao mambo hukaribia yale ya nchi za baridi: mwezi wa Julai usiku unauma, na jua la asubuhi ni mgeni anayetakiwa, kwa hiyo kioo chenye g kubwa na U ndogo kina maana kwao, pamoja na kuziba vizuri kwa mpira na silikoni pembezoni mwa fremu, kwani upepo upitao ufa huchukua joto jingi. Lakini wajihadhari na jambo moja. Kioo maradufu kilichofungwa kiwandani usawa wa bahari kina hewa ya pwani ndani yake, na kikipandishwa Nairobi, kwenye mita takriban 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu karibu kwa moja ya tano, hewa ile ya ndani hutanuka, vioo vikabenuka nje, na mara nyingine vikapasuka au gundi yake ikaachia. Viwanda hulijua hili na huweka kijibomba cha kusawazishia. Muulizeni muuzaji kama kimewekwa, na jibu lake litawaonyesha kama anaijua bidhaa yake.

Kwa yule atakayenunua kioo kilichopakwa, ipo njia ya kukikagua isiyohitaji chombo. Usiku, simama ndani ya nyumba, washa kibiriti au mshumaa karibu na dirisha, kisha tazama kiooni kwa upande: vioo viwili vina nyuso nne, nawe utaona taswira nne za ule moto. Ikiwa zote zina rangi moja, hakuna kipako, hata karatasi iseme nini. Ikiwa moja ina rangi tofauti, hiyo ndiyo yenye fedha, na katika dirisha la kulizuia jua inapasa iwe ya tatu kuhesabu toka kwako, yaani uso wa ndani wa kioo cha nje, ili moto wa jua ukomee huko. Na ukiona ukungu katikati ya vioo viwili, pahali ambapo kitambaa hakifiki, jua kwamba gundi imeachia na unyevu umeingia. Fedha ile hainusuriki na unyevu na chumvi ya bahari, na kioo hicho hakina matengenezo ila kubadilishwa, kwa hiyo dhamana ya muhuri, iliyoandikwa kwa miaka, ni sehemu ya bei.

Pia mwenye madirisha mazima yasiyo na kosa si lazima ayang'oe. Zipo karatasi za plastiki za kubandika kiooni zinazorudisha jua, na kwa kioo kimoja cheupe hufanya kazi ya kuridhisha kwa gharama ndogo; ila zisibandikwe ovyo juu ya vioo maradufu, kwa kuwa zile zinazomeza joto hukipasha kioo moto usio sawa, kikapasuka.

Nabakisha tahadhari moja kwa wanaoagiza vioo kutoka ng'ambo. Marekani, chini ya baraza lijulikanalo kwa herufi NFRC, lililoundwa mwaka 1989, kila dirisha lililothibitishwa hubandikwa kibandiko cha vipimo, lakini U yao hupimwa kwa vipimo vyao wenyewe, na ili kuifananisha na ya Ulaya lazima uizidishe kwa 5.7, kwa hiyo 0.30 ya Marekani ni 1.7 ya Ulaya, wala si kioo cha ajabu kama kinavyodhaniwa. Kadiri ya jua haina shida hiyo, kwani ni fungu tu, wala haina kizio.

Basi, ndugu zangu wa pwani, kabla hamjatoa malipo ya awali, mpelekeni fundi nje ya nyumba saa kumi alasiri, mwonyesheni kuta zipi zina jua na zipi hazina, kisha mtakeni aandike kwenye risiti, mbele ya kila dirisha, U yake na g yake kwa tarakimu. Na kwa madirisha ya magharibi yasiyoweza kupata kivuli, msikubali g iliyozidi 0.35. Asiyeweza kuziandika tarakimu hizo, mwacheni na vioo vyake, mkatafute mwingine.